Chumvi ya Pasaka Uani kwa Bi Tatu

Ndizi mbichi ikimenywa hutoa harufu ambayo bado si ya chakula. Ni harufu ya jani lililokatwa, ya utomvu, ya udongo uliolowa, na anayeimenya akimaliza hubaki na vidole vyeusi visivyotakata kwa sabuni ya siku moja. Nikiisikia harufu hiyo, hata niwe sokoni katikati ya kelele za wachuuzi, narudi moja kwa moja uani kwa Bi Tatu, Kibiti, msimu wa masika, mvua imetoka kunyesha na mchanga umetobokatoboka, wanawake wamekaa juu ya vigoda, visu mkononi, maganda yanarundikana miguuni mwao. Wengi wakiikumbuka Pasaka ya utotoni hukumbuka nguo mpya na nyimbo za kanisani. Nami nazikumbuka, maana gauni langu la mwaka ule lilikuwa la manjano na lilinibana kwapani hata nikaimba mikono imeshuka. Lakini nikiulizwa Pasaka ni nini, kitu cha kwanza kunijia ni ndizi, nyama ya mbuzi, tui la nazi na chumvi. Hasa chumvi.

Tulikuwa wageni pale. Baba alikuwa fundi wa maji, mtu wa mabomba na pampu, akahamishwa kikazi kutoka kwetu Tukuyu, kwenye baridi na ukungu, akaletwa Kibiti ambako hata usiku shati lilimganda mgongoni. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Bi Tatu, mama wa Kimatumbi aliyekuwa amezeeka kwa uso tu, maana miguu na ulimi vilikuwa vya kijana. Yeye mwenyewe alizaliwa kule milimani, kusini mwa mto. Alivuka na kivuko cha Ndundu akiwa bibi harusi, na tangu siku hiyo, alikuwa akisema, hakurudi kwao ila kwa kuzika. Uani tulichangia kisima, mti wa mwarobaini na kamba za kuanikia nguo. Upande wa pili walikaa Mama Zena, mke wa mkata mikoko aliyekuwa akishinda visiwani huko delta, na Mama Hadija, mshona nguo, ndiye aliyenibana kwapa. Mjukuu wa Bi Tatu, Somoe, alikuwa rika langu, na sisi wawili hatukuwa wageni kwa zaidi ya siku mbili. Watoto hawana pasipoti. Mama ndiye aliyebaki mgeni.

Sitaki kumsingizia mama yangu. Alikuwa mwema, mchapakazi, na mcheshi kwa lugha yake. Ila alikuwa amepandwa mahali pengine, na mizizi ilikuwa bado inamuuma. Ndizi za Kibiti kwake zilikuwa nyembamba. Maziwa hayakuwepo, na yaliyokuwepo yalikuwa ya kopo. Chai ilikosa rangi. Wali alioupenda kila mtu yeye aliuita chakula cha sherehe kinacholiwa kila siku mpaka sherehe inakosa maana. Nazi ndiyo hakuielewa kabisa. Alishangaa mtu anawezaje kuharibu maharage mazuri kwa kuyamwagia mafuta ya mti. Bi Tatu alimsikia akilisema hilo, akacheka mpaka akashika ukuta, lakini mama hakucheka naye. Alidhani anachekwa.

Mambo yaliharibika Krismasi. Mama aliona ile ndiyo nafasi yake ya kuonyesha kwamba naye ni mtu wa watu. Kwao, sikukuu ikifika, mlango unafunguliwa na anayepita anaitwa ale, na mgeni asiyekula huhesabiwa kwamba amekuja kuchunguza. Akapika pilau, akapika maharage ya kukaanga, baba akachinja majogoo wawili yeye mwenyewe nyuma ya nyumba, wakakaangwa vizuri. Majirani wote walikuja. Walivaa kanga mpya, wakaketi, wakasifu harufu, wakampongeza mama kwa nyumba safi. Wakanywa chai, wakala maandazi. Sahani za pilau na kuku wakazisogeza kwa heshima, mmoja akisema ameshiba, mwingine akisema tumbo halijatulia, Bi Tatu akisema mtu wa umri wake akila mchana usiku hapati usingizi. Walipoondoka mama alitazama chakula chote kile kimebaki kama alivyokipakua. Hakulia mbele yetu. Alifunika sahani moja moja kwa kawa, kisha akaingia ndani, na tukamsikia.

Baba ndiye aliyeletewa jibu, na aliletewa kazini. Alipowasimulia wenzake wa pampu, mmoja wao, mwenyeji wa Mahege, alimwuliza swali moja tu: "Fundi, hao kuku alichinja nani?" Baba akajibu kwa fahari kwamba alichinja mwenyewe. Wenzake wakatazamana, wakamcheka taratibu, wakamweleza kwamba Mwislamu hali nyama isiyochinjwa na Mwislamu mwenzake kwa jina la Mungu, na kwamba hata pilau ilishapikwa kwa supu ya kuku haohao. Ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho, na baba alikuja na macho yote mawili wazi bila kuona kitu. Alirudi nyumbani amefurahi kwamba fumbo limefumbuka. Mama badala ya kufurahi alikasirika zaidi. "Kwa nini hawakusema?" alisema. "Wameketi kwangu, wamenitazama usoni, wameondoka. Mtu anayekuhesabu kuwa mwenzake hukwambia." Na mimi leo naelewa kwamba kwa watu wa pwani kumwambia mwenye nyumba chakula chako hakiliki ni kumvua nguo mbele ya watoto wake. Wao walinyamaza kwa adabu, na mama akaiona adabu ile kama mlango uliofungwa. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kwao, ndiyo maana hakuna aliyeomba radhi.

Baada ya hapo mama alipunguza maneno. Hakuazima kinu wala kuomba moto. Akatoa sanduku la bati chini ya kitanda na kuanza kupanga humo vitu tusivyovitumia kila siku: blanketi, vitenge vyake vya heshima, sufuria aliyopewa na mama yake. Siku moja wakati wa Kwaresima nilimsikia akimwambia baba, bila kupandisha sauti, kwamba atawaalika tena siku ya Pasaka, mbuzi atachinjwa na mtu wao, na kila kitu kitafanywa wanavyotaka. "Wakila, nakaa," alisema. "Wasipokula, Jumanne nachukua watoto tunarudi kwetu, wewe utakuja likizo." Nilikuwa mlangoni nimeshika ndoo, na ile ndoo ghafla ikawa nzito. Kurudi kwetu kulimaanisha bibi, na maziwa, na binamu. Kulimaanisha pia kumwacha baba, na kumwacha Somoe, na sikujua kama mtoto anaruhusiwa kulia kwa jambo ambalo mama yake analitaka.

Mama akaenda kumwalika Bi Tatu, rasmi, amevaa viatu ingawa ni hatua chache kuvuka ua. Akamwambia Jumapili ya Pasaka, mchana, waje wote. Bi Tatu akajibu inshallah. Alichosahau mama, na ambacho Bi Tatu hakutaka kumkatiza, ni kwamba mwezi ulikuwa unaandama. Haukupita muda mrefu Ramadhani ikaingia, na mama akajikuta amealika waliofunga waje kula adhuhuri. Alicheka kicheko kibaya. "Sasa wamepata na sababu," akasema. Lakini jioni ile ile Bi Tatu alinisimamisha kisimani, akaniwekea mkono kichwani, akanituma: "Mwambie mama yako mwaliko haujafa. Umesogea tu mpaka jua litue. Tutafuturu kwake." Nilikimbia na ujumbe huo nikamwaga maji nusu ndoo. Mama alisikiliza, akaniambia nirudie, nikarudia, akaendelea kupepeta mchele. Ila ule mchele ulikuwa umeshapepetwa.

Sasa lazima nieleze jambo moja la jikoni, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Mwezi wa Ramadhani wanawake hupika kutwa chakula wasichoweza kukionja. Wapo wanaosema kugusa kwa ncha ya ulimi na kutema hakuharibu kitu, lakini Bi Tatu alisema hana haja ya wasiwasi kwa ajili ya mchuzi. Kwa hiyo kila ua huwa na mwonjaji wake, mtoto ambaye hajafikia kufunga. Kwetu mwonjaji alikuwa mdogo wangu Gwakisa. Hakuwa ameanza hata shule. Kila alasiri aliitwa jiko hadi jiko, anawekewa tone la mchuzi kiganjani, analamba, anafikiri kidogo macho yakiwa juu, kisha anatoa hukumu: "Bado," au "Basi." Mtu mzima na akili zake alimsubiri yule mtoto kama anavyosubiriwa kadhi. Mama alimwona anavyonenepa na kuheshimika, na nadhani ndicho kitu pekee katika mwezi ule kilichomfanya atabasamu bila kutaka.

Pasaka yenyewe iliamka na mawingu. Asubuhi tulikwenda kanisani, kanisa dogo la wageni kama sisi, walimu na manesi na askari, tukaimba kwa nguvu ya watu wanaojua kwamba ni wachache. Tuliporudi mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mwarobaini, na Mzee Salumu, mdogo wake Bi Tatu, ananoa kisu. Baba alisimama kando mikono nyuma, mnyenyekevu kabisa, akishikilia miguu alipoambiwa ashike. Mama alitazama kila kitu mpaka mwisho. Halafu akafunga kilemba, akatoa ile sufuria ya mama yake kutoka kwenye sanduku, akaanza kazi.

Alikuwa amekusudia kupika peke yake. Karamu aliyoipanga ilikuwa ya kwao: ndizi za kupika na nyama, zichemke pamoja mpaka ndizi zinywe mafuta, maharage mekundu yaliyokaangwa kwa kitunguu, kabichi, chapati, na chai ya maziwa yenye tangawizi. Lakini adhuhuri haijapita vizuri Mama Zena akaingia jikoni kwetu na kisu chake bila kubisha hodi ya maana. Nyuma yake Mama Hadija na kibao cha kukunia nazi. Bi Tatu akaja na kigoda, akakiweka chini katikati ya ua kama hakimu anayefungua baraza. Mama akabaki ameshika ndizi. "Nyie mmefunga," alisema. "Kapumzikeni." Bi Tatu akajibu kwamba aliyefunga ni tumbo, mikono haijafunga. Wakaketi, wakamenya. Wakaleta na vya kwao: kamba wabichi ambao mume wa Mama Zena aliwaleta kutoka Nyamisati, mbaazi, unga wa mchele kwa mkate wa kumimina, tende kwenye karatasi. Na walipoona mama anavyokata ndizi zake na kuzipanga juu ya nyama, Mama Hadija akashangaa kwa sauti. "Kumbe hii si futari yetu hii? Nyie huko mnakula futari mwaka mzima?" Mama akasema kwao wanaiita chakula tu. Kasoro yake nazi, wakasema wao. Nazi ndiyo kasoro yake, akasema mama. Hapo Bi Tatu akacheka tena, na safari hii mama naye akacheka, kidogo, upande mmoja wa mdomo.

Mvua ndiyo iliyotuvuruga. Ilikuja alasiri kwa kishindo, jiko letu la makuti likaanza kuvuja juu ya mafiga, na wanawake wakaibeba ile sufuria kubwa ya nyama na ndizi mbiombio hadi jikoni kwa Bi Tatu ambako paa lilikuwa la bati. Mama akabaki kwetu akizinusuru chapati chini ya mwavuli ambao baba alimshikilia. Kwa hiyo sufuria ilikaa mbali na mwenyewe. Mama alikuwa ameshatia chumvi mwanzoni, kama wanavyofanya kwao, nyama ikiwa bado inatoa maji. Kwa wenzake chumvi hutiwa mwishoni, wakati mwonjaji anaitwa. Na mwonjaji siku hiyo hakuitika. Gwakisa alikuwa amekula mafuta ya mbuzi tangu mchana, kila mama akimpa kipande cha baraka, na wakati wa mvua tulimkuta juu ya gunia la mkaa amelala, tumbo juu, hata radi haikumwamsha. Basi Mama Zena alipopita karibu na sufuria akatia chumvi kwa makisio, asije mama wa watu akaaibika na mchuzi wa maji. Mama Hadija naye alipita, akawaza hayohayo. Mtu wa tatu sitamtaja bado. Manahodha wengi chombo huenda mrama, na manahodha watatu kati ya wanne walikuwa wamefunga.

Mvua ilipokatika jua lilikuwa limeanza kuinama. Mikeka ilitandikwa, wanaume barazani, wanawake na watoto uani. Mama akaja na upawa, amebadilisha nguo, amevaa kitenge cha sandukuni. Akafunua sufuria, akachota, akaonja. Nilikuwa nimesimama mbele yake na sinia, nikauona uso wake ukikunjamana. Akaonja tena, kama mtu anayetumaini kwamba mara ya kwanza ulimi ulikosea. Kisha akauweka upawa juu ya mfuniko, akaketi juu ya kinu kilicholazwa, akasema kwa lugha yetu, kwa sauti ndogo, maneno ambayo mimi peke yangu pale niliyaelewa: "Mara ya kwanza hawakula. Mara ya pili hawawezi kula." Nikawaza sanduku la bati. Nikawaza Jumanne. Nilitamani kuimeza ile sufuria nzima peke yangu, na chumvi yake, ili pasiwe na kitu cha kukataliwa.

Bi Tatu hakuhitaji kutafsiriwa. Aliuliza kuna nini, nikamwambia chumvi imezidi. Akageuka. "Nani katia chumvi humu?" Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye bati. Mama Zena akasema alitia kidogo tu, kwa vidole. Mama Hadija akamtazama. "Ewe! Si mie nilidhani hamjatia?" Mama akainua uso akasema hata yeye alitia, tangu mwanzo. Wote sasa wakamtazama Bi Tatu, maana alikuwa amekaa kimya kuliko kawaida yake, naye akarekebisha kanga yake, akatazama angani kama Gwakisa anavyotazama kabla ya hukumu. "Na mie nilitia," akasema. "Konzi nzima."

Mama alisimama. Machozi yalikuwa yamemlengalenga, na hasira pia, na swali lililomtoka lilikuwa lilelile la tangu Krismasi, sasa kwa Kiswahili na mbele ya wahusika: "Kwa nini hamkuniambia? Kwa nini hakuna aliyeniuliza?" Nilijua hata kwa umri wangu kwamba haulizii mchuzi tu. Bi Tatu akasema, bila utani, akimwita kwa jina langu: "Mama Bupe, jikoni kwa mgeni mtu huuliza. Jikoni kwa mwanangu natia mkono, siulizi. Krismasi ulikuwa mgeni, tukakuonea haya, tukanyamaza. Pale tulikosa. Leo nimetia chumvi chunguni mwako kama natia kwangu. Na leo nimekosa pia, maana nimekuharibia. Lakini si kosa lilelile, mwanangu."

Mama alimtazama. Nami nilimtazama mama. Kitu fulani kilimtoka mabegani, sijui niseme nini zaidi, alikuwa mrefu kidogo na sasa akawa mfupi kidogo, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akarudi kukaa juu ya kinu, akajifuta kwa ncha ya kitenge, na wenzake wakacheka naye, wamekauka midomo kwa saumu, wameshikana. Mzee Salumu akapaza sauti kutoka barazani akitaka kujua kuna nini. Alipoambiwa, akasema huyu mbuzi amekuwa na bahati mbaya, amekufa kwa kisu na sasa amekufa kwa chumvi.

Maji yakimwagika hayazoleki, na chumvi ikishaingia haichopoki, ila inaweza kutawanywa. Bi Tatu ndiye aliyetoa amri. Mchuzi ukagawanywa katika sufuria tatu. Mama Zena akakata mkungu nyuma ya nyumba yake, ndizi hizohizo nyembamba zilizodharauliwa, zikamenywa na kila mwenye kisu, mpaka baba na Mzee Salumu. Mihogo ikang'olewa ikiwa na matope. Vyote vikachemshwa bila chembe ya chumvi, vikaingizwa. Ikabaki nazi. Mama Hadija alikuwa ameshakuna, tui zito limekamuliwa liko bakulini, jeupe, na kila mtu akawa anamtazama mama, maana zile zilikuwa ndizi za mama yake katika sufuria ya mama yake. Mama akalichukua bakuli yeye mwenyewe, akamimina. Halafu akaniambia nimwamshe Gwakisa. Akaletwa ameshikwa mkono, shavu lina alama za gunia, akalamba kiganja, akafikiri. "Basi," akasema, na akataka arudi kulala.

Adhana ikalia. Walianza kwa tende na maji, kisha uji wa pilipili manga, na palepale wanaume wakasogea kando kuswali magharibi, tukasubiri. Meza aliyoazima mama shuleni kwa ajili ya wageni haikukaliwa na mtu, ilibeba taa na sufuria. Kisha sinia zikashuka mikekani: ndizi na nyama zilizolainika ndani ya tui, mihogo, kamba wa nazi, mbaazi, maharage ya mama yasiyo na nazi aliyoyatetea mpaka mwisho, chapati zenye harufu ya moshi na mvua, mkate wa kumimina uliokatwa pembe pembe. Chumvi bado ilisikika. Walikula wote. Walikula kwa kimya kile cha watu waliofunga, mkono unaenda na kurudi, na mama alikuwa hali, alikuwa anaitazama mikono. Bi Tatu alimega kipande cha nyama, akakilaza upande wake wa sinia, akamwambia ale, Pasaka ni yake. Mtungi wa maji wa nyumba yetu ulikwisha, na wa Bi Tatu ukakwisha, na watu wakadaiana maji kwa kicheko. Jumatatu asubuhi mama alilitoa sanduku la bati uani, akaanika blanketi na vitenge juani, na jioni akavirudisha kabatini. Jumanne nilikwenda kuchota maji na Somoe kama siku zote.

Hiyo ni miaka mingi sasa. Kivuko cha Ndundu kimebaki kwenye hadithi, daraja limejengwa na mabasi ya kusini yanapita Kibiti bila hata kupunguza mwendo. Bi Tatu alizikwa hapohapo, hakurudishwa milimani, kwa wasia wake. Baba naye hayupo. Mama alijenga mtaa uleule, na akienda Tukuyu kusalimia hurudi kabla ya wakati akilalamikia baridi na maharage yasiyo na nazi. Mimi naishi Dar es Salaam, ghorofa ya tatu, nyumba nzuri, jiko la gesi, na kusema kweli nimeridhika. Jirani wa mlango wa pili namfahamu kwa viatu anavyoviacha nje. Sikukuu tunatumiana salamu kwa simu, zenye maua. Jikoni kwangu chumvi haijawahi kuzidi hata siku moja, maana haingii mtu, na kuna jioni napakua chakula kilichokolea sawasawa na kukiona kimekosa kitu.

Juzijuzi Pasaka na Ramadhani zilikutana tena, nikawapeleka wanangu kwa bibi yao. Binti yangu alisimama jikoni na simu yake, ameandika mapishi kwa ajili ya wenzake: ndizi kiasi hiki, nyama kiasi hiki, tui la kwanza, tui la pili. Akamwuliza bibi yake chumvi vijiko vingapi. Mama, ambaye sasa hutembea kwa kushika ukuta, akamwambia Pasaka yeye hatii chumvi, beba sufuria twende. Tukavuka barabara hadi uani kwa Somoe, ambaye sasa ndiye mwenye nyumba, bibi wa watu, amefunga na midomo imekauka. Hakuuliza kitu. Aliingiza mkono koponi, akachota konzi, akatia, akaendelea na kaimati zake. Binti yangu alinitazama kwa mshtuko. Mama akachovya kijiko, akaonja, akafumba macho.

"Imezidi," akasema, na akaketi palepale kusubiri adhana.